Mabaka ya Mtoto Hayamtaji Mchawi



Wasomaji wangu watukufu, wiki hii nilikuwa nimeahidi kuendelea na mlango wa mirathi ya wajukuu. Nimeuweka kando, kwa kuwa imenifikia barua isiyoweza kungoja. Mwandishi wake ni binti wa Mombasa aliyeolewa Nyamira, katika nchi ya Wagusii, na mume aliyesilimu miaka kadhaa kabla ya ndoa yao. Amenipa idhini nieleze habari yake, kwa sharti nisitaje jina lake wala kijiji chake, nami nimelitimiza sharti hilo.

Ana mtoto wa kike wa miaka sita. Alizaliwa na mabaka mawili matatu, rangi yake kama kahawa iliyotiwa maziwa, moja tumboni na mengine mapajani. Watu wakasema ni alama za kuzaliwa, na jambo likaishia hapo. Lakini kila mwaka mabaka yaliongezeka, hata leo yamepita kumi, na kwapani pametokeza vidoa vidogo vidogo kama mbegu za ufuta. Tangu mwaka jana, chini ya bega la kushoto, ngozi imeinuka uvimbe laini ambao ukiupapasa, anasema mama yake, unahisi kama kamba zilizosokotana chini ya nguo.

Sasa yameingia mawili juu ya mtoto huyu. La kwanza ni upande wa mume. Mavyaa wa binti yetu ni mjane mzee anayeishi peke yake katika nyumba ya nyuma, ana ujuzi wa mitishamba, na ndiye aliyekuwa akimkanda mjukuu wake kwa mafuta tangu siku ya arobaini. Majirani wamehesabu mambo hayo manne, uzee, ujane, upweke na mitishamba, wakapata jumla yao: wamemwita *omorogi*, ambalo ndilo neno la Kigusii la mchawi. Usiku mmoja mawe yaliangushwa juu ya bati lake. Wanawe wengine wameacha kula chakula anachopika. La pili ni upande wa Mombasa. Dada zake wamekata shauri kwamba ni jini, wamemtumia kombe na hirizi, na wanamhimiza amlete mtoto pwani azinguliwe.

Naye ameniuliza maswali mawili. Nani amemletea mwanangu maradhi haya? Na je, nizae tena?

Nimesema barua hii haiwezi kungoja, na sikusema hivyo kwa kukuza maneno. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wa makamo na wazee waliuawa na kuchomwa moto na umati uliowatuhumu uchawi. Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya nchi hiyo hiyo ya Gusii, waliuawa watu 11 kwa tuhuma kama hizo, wengi wao vikongwe. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilipita wimbi kubwa zaidi la mauaji ya namna hiyo. Jiwe juu ya bati ni barua yenye anwani.

Wala asitokee msomaji wa pwani akatikisa kichwa na kusema, hao ni watu wa bara. Sisi tuna Kilifi yetu, ambako wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa neno hilo hilo, mara nyingine shamba likiwa ndiyo sababu ya kweli, hata wengine wakalazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze ili wasalimike na watoto wao wenyewe. Nami nimefika Nyamira mara mbili kwa safari za daawa. Ni nchi ya vilima vya chai na migomba, mvua yake huja alasiri kama mgeni anayejua njia, na watu wake ni wakarimu. Isitoshe, Wagusii ndio watu ambao mafundi wao wa tangu zamani, waitwao *ababari*, walisifika hata kwa madaktari wa Ulaya kwa kufungua fupa la kichwa cha mtu aliyeumia na kumponya. Watu wenye urithi wa namna hiyo hawakosi akili ya kufahamu kwamba mwili una sababu zake.

Basi tuzitazame sababu hizo. Binti yetu alikwisha kumpeleka mtoto hospitali, na daktari akamwandikia jina la maradhi katika karatasi, jina refu ambalo amelinakili herufi kwa herufi chini ya barua yake: nyurofibromatosisi, aina ya kwanza. Mimi ni mtu wa madrasa, elimu yangu ni ya vitabu vya fiqhi. Nilikwenda kwa daktari mmoja wa mjini kwetu, mwanamke aliyesoma chuoni kwangu alipokuwa mdogo, nikakaa mbele yake kama yeye alivyokuwa akikaa mbele yangu, akanifundisha kwa saa mbili. Haya niandikayo ni niliyoyafahamu kwake.

Maradhi haya si mageni duniani. Daktari Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen, aliyaandika kwa urefu mwaka 1882, na kwa muda mrefu yaliitwa kwa jina lake. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 wanaozaliwa, wa kike na wa kiume sawasawa, Waarabu, Wazungu, Wahindi na Waafrika, tajiri na fukara. Kama ni uchawi, basi ni mchawi mmoja aliyeko Nyamira, Oslo na Jakarta kwa wakati mmoja, na tena apimaye kazi yake kwa mizani ile ile kila mahali.

Sababu yake imo ndani ya seli, yaani zile chembe ndogo mno ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, kama chumba kilichozungukwa na ukuta. Seli haiamui yenyewe kukua na kugawanyika ikawa mbili. Hungoja amri kutoka nje, na amri hiyo hupokelewa penye utando. Upande wa ndani wa utando huo ipo protini ndogo iitwayo Ras, ambayo imetiwa nanga kwa mkia wa mafuta ili isielee ovyo ndani ya seli. Mfano wake ni bomba la maji lililofungwa ukutani. Amri ya kukua ikija, bomba hufunguka, na maji humiminika ndani: seli inaambiwa kua, gawanyika, ongezeka. Hilo ni jema. Bila ya hilo kidonda hakifungi na mtoto harefuki.

Lakini bomba lililofunguliwa sharti lifungwe. Na bomba hili la Ras lina tabia ya ajabu: hujifunga lenyewe, ila kwa uvivu mkubwa. Likiachwa, maji yatakuwa yamekwisha kufurika kabla halijafunga. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameweka mkono wa kulifunga upesi. Mkono huo ni protini kubwa iitwayo nyurofibromini. Ikilishika bomba, hujifunga papo hapo, na seli hutulia.

Hapa daktari wangu alinyanyua kidole, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye zamani. Akaniuliza: huo mkono uko wapi, sheikh? Nikasema, bila shaka uko karibu na bomba. Akasema, hapana. Nyurofibromini huzunguka ndani ya seli, katika maji yake, mbali na ukuta. Haina nanga ya kuishikiza kwenye utando. Mkono uliopo uani haufungi bomba lililopo jikoni. Basi iko protini nyingine, iitwayo Spred, ambayo yenyewe ina nanga ya kushika utando. Hiyo ndiyo inayoidaka nyurofibromini na kuileta mpaka penye bomba. Kazi yake ni hiyo: inasimama ukutani na kumshika mkono yule mwenye kufunga. Ikikosekana, mkono upo mzima na bomba lipo zima, na maji bado yanafurika.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika familia za watu. Mwaka 2007 daktari wa Ubelgiji, Eric Legius, pamoja na wenzake, walieleza habari za familia zilizokuwa na mabaka yale yale ya rangi ya kahawa na vidoa vya kwapani, lakini bila ya vile vivimbe. Walipochunguza, waliikuta nyurofibromini yao ni salama kabisa. Kilichoharibika kwao ni ile Spred. Miaka mitano baadaye watafiti wakaonyesha jinsi hizo mbili zinavyoshikana na kwenda pamoja kwenye utando. Nilipoyasikia haya nilinyamaza kitambo. Umbo la mtu mzima, na uso wake, na heshima yake mbele ya majirani, vyote vimeegemea kitu kidogo kisichoonekana ambacho kazi yake ni kumshika mwenzake asipotee njia.

Mtoto wetu wa Nyamira, yeye, ana upungufu wa nyurofibromini yenyewe. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za maagizo ya kuitengeneza, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na maagizo hayo, ambayo wataalamu huyaita jeni, yamo katika kromosomu ya 17. Yaligunduliwa mwaka 1990 na makundi mawili ya watafiti wa Marekani. Mtoto huyu amezaliwa na nakala moja nzima na moja yenye kosa. Kwa nakala moja seli nyingi humudu. Lakini ikitokea mahali fulani ile nakala nzima nayo ikaharibika, katika zile seli zinazozivika neva kama ganda linavyouvika waya wa umeme, hapo mkono unakosekana kabisa, bomba linabaki wazi, na seli hizo zinaongezeka pale pale bila kupewa ruhusa. Huo ndio uvimbe wa chini ya bega. Hakuna kitu kilichoingizwa mwilini mwake kutoka nje. Ni mwili wenyewe unaokua mahali ambapo ulipaswa kusimama.

Sasa nalijibu swali la kwanza: nani ameleta?

Katika kila watu wawili wenye maradhi haya, mmoja hivi amerithi kwa mzazi, na wa pili ni wa kwanza katika ukoo wake. Huyu wa pili hakurithi kwa yeyote. Kosa limetokea wakati wa kunakili. Wasomaji waliowahi kunakili kitabu kwa mkono, kama tulivyofanya sisi chuoni kabla ya mashine za fotokopi kuenea, wananielewa. Unaandika kurasa mia kwa uangalifu, kisha unaruka nukta moja, na hukukusudia, wala aliyekuazima kitabu hakukuroga. Jeni hii ni miongoni mwa zilizo ndefu sana, ina herufi zaidi ya 250,000, na protini inayotokana nayo ni mnyororo wa pete 2,818. Maandishi marefu namna hiyo hayakosi pa kuteleza kalamu. Binti yetu ameandika kwamba yeye na mumewe wote wawili walivuliwa nguo za juu na kutazamwa ngozi, wakatazamwa na macho, wala halikuonekana baka wala kidoa. Basi mtoto huyu yaelekea ni wa wale wa kwanza. Hakuna aliyemletea. Si baba, si mama, wala si bibi aliyemkanda mafuta. Mafuta ya kukanda hayafiki ilipo herufi ile, na kosa lilikuwapo tangu alipokuwa tumboni, kabla bibi hajamtia mkononi.

Nakumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya bedui aliyemjia Mtume (S.A.W.) akiwa na dhiki moyoni, kwa sababu mkewe amezaa mtoto mweusi naye mwenyewe si mweusi. Bedui alikuwa amekwisha kuuangalia mwili wa mtoto na kuanza kutafuta wa kumtuhumu. Mtume hakumkemea wala hakumwacha na dhana yake. Alimwuliza habari za ngamia wake: wana rangi gani? Ni wekundu. Je, hakuna hata mmoja wa kijivu kati yao? Yupo. Ametoka wapi? Bedui akajibu kwamba huenda mshipa wa ukoo umemvuta. Naye Mtume akamfahamisha kwamba na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. Maulamaa wameitumia hadithi hii katika mlango wa nasaba na wa kumsingizia mke. Mimi naona ina mlango mwingine pia. Mtu aliyekuja na tuhuma alirudishwa nyumbani na swali juu ya mifugo yake, akalijibu mwenyewe.

Najua yuko msomaji ambaye sasa hivi anasema: sheikh, je, unaukanusha uchawi? Siukanushi. Sihiri imetajwa katika Qur'ani, na tunajikinga kwa Al-Falaq na An-Naas asubuhi na jioni. Lakini kuamini kwamba jambo lipo ni kitu kimoja, na kumnyooshea kidole mwanamke fulani, mwenye jina lake na mlango wake, ni kitu kingine kabisa. Hilo la pili ni dai, na dai katika sheria yetu lataka ushahidi. Mwizi hakatwi mkono kwa sababu ni maskini na anaishi peke yake. Basi kikongwe atamwagwaje damu kwa sababu hizo? Sura ya Al-Hujurat imetuonya dhidi ya kuzama katika dhana, na hakuna dhana mbaya kuliko ile inayobeba mafuta ya taa. Hata sheria ya Kenya juu ya uchawi, ambayo ni ya mwaka 1925, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi, isipokuwa akilipeleka neno lake kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Wengi hudhani sheria ile ni ya kuwashika wachawi peke yao.

Na nyinyi dada zake wa Mombasa, nawapa haki yenu pia, maana mmetuma kombe kwa mapenzi. Mtoto kusomewa Fatiha na dua na mama yake kila usiku ni jambo jema, na wala halihitaji safari ya kilomita mia nane. Kumzingua mtoto wa miaka sita kwa makelele na mafusho, akaambiwa kwamba ndani yake yumo jini, ni kumtia jeraha ambalo hana. Na ninalohofia zaidi ni chale. Vivimbe vya namna hii vimesokotana na neva na mishipa ya damu. Aliyevikata kwa wembe amefungua mfereji wa damu asioweza kuuziba, na aliyevichoma kwa chuma amechoma neva ya mtoto. Hata mpasuaji wa hospitali kubwa huvigusa kwa hesabu.

Maradhi haya hayaambukizi. Nakariri: hayaambukizi. Mtoto ale sahani moja na nduguze, alale nao, asali juu ya mswala mmoja nao, na shuleni asitengwe dawati.

Yanayohitajika ni macho ya kumtazama kwa miaka mingi, kwa kuwa wengi wenye maradhi haya huishi, husoma, huoa na kuolewa, lakini wanaweza kupata mambo yanayofaa kuwahiwa. Kwanza ni macho yenyewe. Watoto wadogo, takriban 15 katika kila 100, huweza kuota uvimbe katika neva ya jicho, na mtoto wa umri huu hajui kusema kwamba anaona ukungu. Basi apelekwe kwa daktari wa macho kila mwaka, hata kama hajalalamika. Apimwe shinikizo la damu, jambo ambalo watu hulisahau kwa watoto. Aangaliwe uti wa mgongo kama unapinda. Na masomoni, nusu hivi ya watoto hawa hupata uzito wa kusoma au wa kutulia. Mwalimu asiyejua atamchapa kwa uvivu, ilhali mtoto amejitahidi kuliko wenzake. Naomba binti yetu aende mwenyewe shuleni akamweleze mwalimu, na chuoni kwa ustadhi vile vile. Sisi maustadhi tuna haraka ya fimbo, namwomba Allah anisamehe yangu.

Uvimbe wa begani usisahauliwe. Mwingi wa aina hii hubaki salama, lakini katika wenye maradhi haya, takriban mmoja kati ya kila kumi huja kupata saratani katika uvimbe kama huo wakati fulani wa maisha yake. Dalili ni hizi: uvimbe uliokuwa umetulia ukaanza kukua kwa kasi, au ukawa mgumu, au ukauma usiku bila kuguswa, au mkono wa upande ule ukaanza kulegea. Ikitokea mojawapo, asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali ya rufaa Kisii, na kutoka hapo wataalamu watajua kama inafaa afike Kenyatta, Nairobi. Tangu mwaka 2020 imeidhinishwa Marekani dawa ya kumeza iitwayo selumetinibu, kwa watoto ambao uvimbe wao hauwezi kupasuliwa. Hairekebishi mkono uliovunjika. Huyapunguza maji mbele kidogo ya bomba, na katika watoto wengi uvimbe umenywea. Bei yake ni kubwa mno kwa nyumba za kwetu, lakini nimeitaja ili mzazi ajue kwamba njia ipo na aulize.

Nawageukia kina mama hasa. Msichana mwenye maradhi haya akibaleghe, vivimbe vidogo vya ngozini huweza kuanza kutokeza, na akishika mimba huweza kuongezeka. Asishtuke, ila amwambie mkunga mapema. Na kwa kuwa wanawake hawa wana hatari zaidi ya saratani ya matiti kabla ya umri wa miaka 50, madaktari huwataka waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, wasingoje umri wa wengine.

Swali la pili, je, nizae tena? Madhali wewe na mumeo mmetazamwa na hamna alama, hatari ya kumpata mtoto mwingine mwenye maradhi haya ni ndogo sana, ingawa daktari hakukubali niandike kwamba haipo kabisa. Usiifunge nyumba yako kwa hofu. Ama binti yako, atakapokuwa mama, kwake hesabu ni nyingine. Kila mimba yake itakuwa kama shilingi iliyorushwa: upande mmoja mtoto amerithi nakala nzima, upande wa pili amerithi yenye kosa. Na shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Anaweza kuzaa wanne wote salama, anaweza kuzaa wanne wote wanayo. Siku ya posa itakapofika, mchumba aelezwe ukweli kabla ya nikahi, kwa staha na kwa lugha ya daktari. Kumficha mchumba aibu inayofika kwa watoto ni ghushi, na ndoa haijengwi juu yake. Lakini elezeni mtoto akiwa amekaa kitako na kichwa kimeinuka. Maradhi si dhambi yake.

Limebaki la mavyaa, na hili ndilo lililonifanya nipige simu badala ya kungoja gazeti litoke. Nilizungumza na mume. Ni mtu mpole, na alikuwa amenyamaza kwa kuwachelea nduguze wakubwa. Nikamwambia kwamba kunyamaza kwake wanakijiji wanakusoma kama ndiyo. Nikamtaka afanye mambo matatu wiki hiyo hiyo. Aende kwa naibu wa chifu aeleze habari ya mawe juu ya bati, iandikwe. Amhamishe mama yake kutoka nyumba ya nyuma alale nyumba kubwa, pamoja na mjukuu wake, chumba kimoja. Na ile karatasi ya hospitali isikae kabatini. Atafute muuguzi wa zahanati ambaye ni Mgusii, aje nyumbani mbele ya nduguze na majirani, awaeleze kwa Kigusii, kwa maana karatasi ya Kiingereza mkononi mwa Mwislamu mmoja katika kijiji kisichokuwa cha Waislamu haimshuhudii mtu.

Yule binti akaichukua simu. Akaniambia mavyaa wake hasilimu, je, nitamwombea dua? Nikamwambia nitamwombea usalama na afya, na kwamba wema kwa mzazi asiye Mwislamu umo katika Qur'ani, asione haya kuutenda.

Jumamosi walikaa. Alikuja muuguzi, na imamu wa Nyamira naye aliketi pamoja nao. Mume ameniandikia kwamba shemeji mkubwa hakutamka neno tangu mwanzo hata mwisho, lakini chai ilipoletwa, ambayo mama yake ndiye aliyeipika, aliinywa. Mavyaa alimpakata mtoto muda wote. Kliniki ya macho ni Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, na bibi amesema yeye ndiye atakayempeleka.

Mirathi ya wajukuu tutairudia wiki ijayo, inshallah. Wabillahi tawfiq.